Kutoka Shambani Hadi Jikoni: Mwongozo Kamili wa Kununua Mazao ya Msimu kwa Mkulima Mwenyewe

Tunda au jani likishachumwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, linakula sukari yake lenyewe na kupoteza maji, ila sasa halina mzizi wa kurudisha kinachotoka. Joto ndilo linalochochea: kila nyuzijoto 10 za sentigredi zikiongezeka, mazao mengi huharibika kwa kasi ya mara mbili hadi tatu. Mchicha uliokatwa alfajiri ukashinda juani mpaka alasiri ni mzee kuliko ule uliokatwa jana jioni ukalala mahali pa baridi.

Kwa hiyo anayefunga safari hadi shambani, au hadi soko ambako wakulima wenyewe huuza, kimsingi ananunua saa za uhai wa mazao. Anaziruka zile siku ambazo mazao yangekaa kwenye lori, ghala la jumla na meza ya duka. Na saa hizo zinapotea kirahisi mno: kwenye buti la gari lililoanikwa juani, au jikoni pale mfuko unapoachwa umefungwa mpaka kesho yake. Mwongozo huu unafuata safari yenyewe, tangu kabla hujatoka nyumbani. Nimekaa zaidi kwenye kuchagua, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Jua msimu umefika wapi

Msimu una mwanzo, kilele na mwisho. Mwanzoni mazao ni machache, bei iko juu, na mara nyingi ladha haijakolea kwa sababu mkulima anawahi soko. Kilele kikifika mashamba yote yanaiva kwa mpigo, bei inaporomoka na ubora unapanda. Huo ndio wakati wa kununua kwa wingi na kuhifadhi. Kuelekea mwisho matunda huwa madogo, mboga za majani huanza kutoa maua na kuwa chungu, bamia na maharage mabichi hujaa nyuzi.

Huhitaji kalenda kukitambua kilele. Ukiona zao lilelile kwa kila muuzaji, tena limerundikwa badala ya kupangwa, ujue ndio wakati wake. Hata hivyo daftari dogo linafaa: andika mwezi, zao na ulikolipata. Mwaka ukizunguka utakuwa na kalenda ya eneo lako iliyo sahihi kuliko ya kuchapishwa, kwa kuwa msimu wa mlimani na wa bondeni chini yake haulingani. Mazao ya umwagiliaji au ya kitalunyumba hupatikana nje ya msimu, na hilo si udanganyifu. Ni vizuri tu ujue unachonunua.

Shamba au soko?

Soko linakupa nafasi ya kulinganisha. Ndani ya nusu saa unaonja, unauliza bei kwa watu kadhaa na kuchukua aina nyingi. Shamba linakupa macho: unaona maji ya kumwagilia yanatoka wapi, kuku wanaishi vipi, mazao yanavunwa namna gani. Kwa mahitaji ya wiki, soko linatosha. Nenda shambani ukitaka mzigo mkubwa kwa ajili ya kuhifadhi, ukitaka kuchuma mwenyewe, au ukitaka kumjua mtu utakayemnunulia kwa muda mrefu.

Kabla ya kwenda shambani, piga simu. Mkulima hana duka la kufungua na kufunga. Siku anapopiga dawa, anapopanda au anapopakia mzigo wa mteja mkubwa, mgeni ni usumbufu hata akiwa na fedha mkononi. Uliza ni siku gani wanavuna unachokitaka, saa ngapi ufike, kipimo cha chini cha kununua ni kipi, na kama kuna vyombo au uje navyo.

Sokoni nako si kila aliye nyuma ya meza amelima. Wapo wachuuzi waliochukua mzigo wa jumla usiku. Hakuna ubaya, kila mtu na riziki yake, lakini mchuuzi hawezi kukujibu maswali ambayo mkulima anayajua. Mkulima huwa na mazao machache yanayoiva pamoja, yenye ukubwa unaotofautiana, na leo hana kitu alichokuwa nacho wiki mbili zilizopita. Ukikuta meza yenye kila kitu, kuanzia matunda ya nyanda za joto hadi ya milima ya baridi, yote yamelingana kama yamepimwa na baadhi yana vibandiko, mzigo huo umepita mikononi mwa watu wengi. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kuuliza: "Shamba liko wapi, na msimu huu umepanda nini kingine?" Aliyelima huanza kusimulia bila kushurutishwa.

Maandalizi

Usitoke na orodha iliyofungwa. Andika "mboga ya majani ya siku mbili, kitu cha kuchoma, tunda la watoto", kisha mlo wenyewe uupange ukishaona kilichopo. Anayetoka nyumbani akiwa ameamua atapika bilinganya atanunua bilinganya hata zikiwa zimesinyaa.

Beba vikapu au maboksi magumu kwa ajili ya matunda laini, maana mfuko wa plastiki hubana, huhifadhi jasho na kuchubua. Kwa maziwa, nyama, mayai na majani, boksi lenye barafu au chupa za maji yaliyogandishwa ni la lazima kama safari inazidi saa moja. Beba pia kitambaa chepesi cha kufunikia kikapu, chenji ya kutosha, viatu vinavyosafishika, na maji ya kunawa mikono. Vyombo vyako vya mayai na chupa za maziwa ziwe safi na zimekauka kabisa.

Saa ya kwenda inategemea unachotaka. Biashara asubuhi: majani, uyoga, matunda laini na chochote kilicho kichache huisha mapema, na kikiwa bado na ubaridi wa usiku kitadumu zaidi. Lakini kama unatafuta nyanya za kupika rojo au matunda ya jamu, nenda wakati wanafunga. Hakuna anayependa kurudi nyumbani na matenga ya nyanya zilizoiva sana.

Ukiwa shambani

Tembea ulikoonyeshwa. Matuta yaliyopandwa jana yanaonekana kama udongo mtupu, na mguu mmoja unatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi.

Kwenye mifugo, adabu ni suala la magonjwa. Viatu vilivyokanyaga banda moja la kuku hupeleka vimelea kwenye jingine, ndiyo maana mabanda mengi yana beseni la dawa mlangoni. Likanyage, na usiingie bila kualikwa. Kama una kuku nyumbani, mwambie mwenyeji kabla ya kukaribia wake. Watoto wanaweza kushika mbuzi na ndama, ila wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chakula. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee hudhurika zaidi na bakteria wa mifugo, hivyo kwao usilegeze.

Ukiruhusiwa kuchuma mwenyewe, omba uonyeshwe namna yake. Mazao mengine huzungushwa, mengine hukatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo. Ukivuta unang'oa na tawi la kuzaa tena. Na usichume zaidi ya utakachonunua.

Maswali yanayofaa kuulizwa

La kwanza linashinda mengine yote: limevunwa lini? Lisiulizwe kwa ukali wa mkaguzi. Salamu kwanza, kisha swali, halafu nyamaza usikilize.

"Habari za kazi, mama. Nyanya hizi zimechumwa lini?"

"Hizo jana jioni. Zile za kule ni za juzi, nimepunguza bei."

Jibu la namna hiyo lina thamani. Amekuonyesha zilizolala bila kuulizwa, basi yaelekea hata majibu yanayofuata yatakuwa ya kweli. Ukijibiwa tu "freshi hizo, chukua", hujajibiwa.

Swali la pili ni la dawa. Watu wengi huuliza "Mnatumia dawa?" na kujibiwa "Hapana", mazungumzo yakaishia hapo. Uliza hivi badala yake: "Mara ya mwisho ulipiga dawa lini, na ni dawa gani?" Kila kiuatilifu kina muda wa kusubiri kati ya kupiga na kuvuna, nao umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Dawa nyingine zinadai siku chache, nyingine wiki mbili au zaidi, na hutofautiana kwa zao. Mkulima anayejua kazi yake huzitaja siku hizo kichwani. Akisema hatumii dawa kabisa, endelea: "Wadudu unawazuiaje?" Aliye mkweli atakueleza habari za kuchanganya mazao, neti, majivu, kuokota viwavi kwa mkono, na hasara aliyopata mwaka fulani. Majani yasiyo na hata tundu moja pamoja na maelezo mafupi sana ni sababu ya kuuliza zaidi.

La tatu ni maji na samadi, hasa kwa vitu vinavyoliwa vibichi kama saladi, karoti na stroberi. Maji machafu au samadi mbichi hupeleka vimelea moja kwa moja kwenye jani. Kipimo kimoja cha kulinganishia: kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi isiyoozeshwa iwekwe shambani angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyougusa. Samadi iliyoozeshwa vizuri haina shida hiyo. Huna haja ya kumtajia mkulima namba. Muulize tu samadi anaiweka lini na inakaa muda gani kabla.

Mwisho uliza aina na namna ya kupika. "Hii ni ya kula mbichi au ya kupika?" "Wewe mwenyewe nyumbani unaipikaje?" Hapo ndipo utasikia kwamba lile boga baya la kona ndilo tamu, na kwamba wiki ijayo njegere zinaanza.

Kuchagua: yanayoendelea kuiva na yasiyoendelea

Kabla ya kubonyeza chochote, elewa mgawanyo huu. Kuna matunda yaliyokomaa ambayo huendelea kuiva baada ya kuchumwa: ndizi, embe, parachichi, papai, pera, tufaha, pasheni na nyanya. Haya hutoa gesi ya ethilini inayochochea uivaji, na unaweza kuyanunua kwa viwango tofauti, mengine ya leo na mengine ya siku nne zijazo. Kundi la pili haliongezi utamu likishachumwa: nanasi, machungwa na ndimu, zabibu, stroberi, tikiti maji. Rangi inaweza kubadilika, tunda likalainika, lakini sukari iliyomo ndiyo hiyo hiyo. Ukinunua nanasi chachu ukalivundika wiki nzima, utapata nanasi chachu lililolainika.

Parachichi ni la ajabu kidogo: haliivi likiwa mtini. Likikomaa linaweza kukaa juu kwa wiki kadhaa, na huanza kulainika likichumwa tu. Tatizo lake ni lile lililochumwa kabla ya kukomaa, ambalo husinyaa na kuwa kama mpira badala ya kulainika. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo, si tumboni. Mabonyezo ya wateja kumi ndiyo yanayoacha madoa meusi ndani.

Embe lililokomaa limejaa mabegani, pande zote mbili za kikonyo, na likiiva hunukia hapo hapo. Rangi nyekundu haikuambii kitu, maana aina nyingi nzuri hubaki kijani. Jihadhari na maembe au ndizi zenye njano moja isiyo na doa, ngumu, na zisizonukia: yawezekana zimevundikwa kwa kabaidi. Kemikali hiyo hutoa gesi ya asetilini, na ile ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Ganda linapendeza, ndani kubichi. Nyumbani unapata matokeo bora kwa kufungia matunda kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi iliyoiva.

Nanasi linuse chini, upande ulio kinyume na majani. Harufu tamu ni nzuri, harufu ya chachu kama ya pombe maana yake limepita. Tikiti maji ligeuze utafute doa la pale lilipolalia udongo. Liwe la njano iliyokolea, kwani doa jeupe au la kijani linaonyesha liliwahishwa. Kama bado lina kipande cha shina lake, ule uzi uliojisokota karibu na kikonyo uwe umekauka. Kisha linyanyue na lingine la ukubwa huo, uchukue zito.

Nyanya nitazieleza kwa urefu kidogo. Ishike kiganjani ikae yenyewe, usiibane. Iwe nzito kuliko unavyotarajia. Tazama kikonyo: kikiwa kijani na kimesimama, imechumwa karibuni, kikiwa kimekauka na kujikunja, imelala. Nusa palepale kwenye kikonyo, maana ile harufu kali ya mmea wa nyanya hutoka hapo, na hupungua kadiri siku zinavyopita. Nyufa zilizokauka kuzunguka kikonyo ni alama ya mvua iliyokuja ghafla baada ya ukavu, na haziharibu ladha; ufa mbichi wenye maji ni mlango wa kuoza. Nyanya iliyopinda, yenye mabega ya kijani kidogo, mara nyingi ni tamu kuliko ile ya mviringo inayong'aa. Kwa kachumbari chukua zilizoiva na bado zimekaza, kwa mchuzi chukua zilizolainika, na omba punguzo.

Mboga, mizizi na nafaka

Majani yawe yamesimama na ncha za vikonyo zionekane zimekatwa karibuni, bila rangi ya kahawia. Maji yaliyonyunyiziwa juu yanaweza kuficha unyaufu, kwa hiyo fungua fungu utazame katikati. Huko ndiko kuoza kunakoanzia, kwenye unyevu uliobanwa na kamba.

Maharage mabichi yakivunjwa yalie. Bamia nzuri ni fupi, na ncha yake hukatika ukiisukuma kwa kidole. Ikipinda bila kukatika imekomaa na itakuwa na nyuzi. Lakini usivunje bamia za mtu ovyo: jaribu moja, kwa ruhusa. Tango liwe gumu mpaka ncha zote mbili.

Mahindi matamu ya kuchemsha yana haraka kuliko karibu kila kitu sokoni. Sukari yake hugeuka wanga tangu yanapovunjwa, na kwenye joto la nyuzijoto 30 aina za kawaida zinaweza kupoteza nusu ya sukari kwa siku moja. Papasa ncha ya hindi juu ya majani yake uhisi kama punje zimejaa hadi juu. Ndevu ziwe za kahawia kwa nje, zenye unyevu zinapoingia ndani, na majani yawe kijani yamebana. Usiyamenye yote kisha ukayaacha. Hindi lililomenywa hukauka na hakuna atakayelinunua. Kwa yule uliyekubaliana naye, bonyeza punje moja kwa ukucha: maji meupe kama maziwa ni sawa, maji maangavu bado halijafika, na likitoa kitu kizito kama uji limeshakomaa. Njegere mbichi zina tabia hiyohiyo, zipike siku hiyo.

Muhogo nao hauna subira. Ndani ya siku mbili au tatu baada ya kung'olewa hutokea mistari ya buluu iliyoiva ndani, na ladha inaharibika. Ukiwa shambani, omba ung'olewe mkiwa pale. Viazi mviringo vyenye kijani viache, kwa kuwa rangi hiyo huambatana na sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Vitunguu viwe na shingo iliyokauka na kubana.

Karanga na mahindi makavu yanataka tahadhari ya aina nyingine. Yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Achana na gunia lenye punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo. Ukinunua mahindi mengi, kuna jaribio la chumvi: weka punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa nguvu dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takribani asilimia 15 na mahindi hayo hayajafaa kuwekwa stoo. Ikianguka chini, yako kavu kiasi.

Uyoga wa porini usinunue kwa mtu usiyemfahamu, hata kama unapenda uyoga kiasi gani.

Mayai na maziwa

Kiini cha rangi ya machungwa kinatokana na chakula cha kuku, si upya wa yai. Uulize siku lilipotagwa. Nyumbani, litie kwenye bakuli la maji: jipya hulala chini, la siku nyingi husimama wima, bovu huelea, kwa sababu chumba cha hewa ndani yake hukua kadiri maji yanavyopotea kupitia ganda. Chagua mayai masafi ambayo hayajaoshwa. Yai lina utando wa asili unaoziba vitundu vya ganda, na ukiliosha unauondoa. Kwa hiyo lifute kwa kitambaa kikavu, na uoshe tu unapokaribia kulipika.

Maziwa mabichi yachemshwe. Nayajua maneno ya kwamba ya shambani ni safi zaidi, lakini ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa huku akiwa na ugonjwa wa brusela au kifua kikuu. Viwandani maziwa hupashwa nyuzijoto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Nyumbani usiye na kipimajoto, yachemshe mpaka yafoke huku ukikoroga, kisha weka sufuria kwenye beseni la maji baridi yapoe haraka kabla ya kwenda kwenye friji.

Bei

Zunguka soko zima mara moja kabla ya kununua. Ukikuta fungu, linyanyue au lipime; fungu la bei ndogo mara nyingi ni fungu dogo. Kupatana bei ni sawa, ila bana pale penye nafasi: unaponunua tenga zima, unapochukua yaliyo na dosari ya ngozi, unapochukua yaliyobaki jioni. Kumkaba mkulima kwa fungu moja la mchicha mimi sioni faida yake. Ukirudi kwake wiki hadi wiki atakuwekea kando kilicho bora, na hilo linazidi punguzo la siku moja.

Majirani wakichanga mnaweza kuchukua gunia kwa bei ya jumla na kugawana. Wengine huenda mbali zaidi na kumlipa mkulima kabla ya msimu, kisha wanapokea kapu kila wiki. Huko Japani utaratibu wa namna hiyo, unaoitwa teikei, ulishika kasi miaka ya 1970. Ni mzuri kwa anayekubali kula kile shamba lilichotoa. Shamba likikumbwa na ukame, nawe umekumbwa.

Njiani

Nunua kwa mpangilio: mizizi na maboga kwanza, matunda magumu, kisha majani na matunda laini, na mwisho kabisa nyama, maziwa na mayai. Pakia vizito chini. Buti la gari lililofungwa juani linakuwa tanuri, kwa hiyo weka majani ndani ya gari, kivulini, yakifunikwa kitambaa chenye unyevu. Kwenye basi au pikipiki, funika kikapu jua lisikipige. Vyakula vya kuharibika haraka visizidi saa mbili nje ya ubaridi. Na moja kwa moja nyumbani. Mizunguko mingine ifanye kabla ya soko.

Saa ya kwanza nyumbani

Fungua mifuko yote kabla ya kukaa. Toa kilichochubuka kikapikwe leo. Kata majani ya karoti na bitiruti, kwa kuwa yanaendelea kunyonya maji ya mzizi. Majani ya bitiruti yanapikika vizuri. Usioshe kila kitu. Majani yenye udongo unaweza kuyasuuza, ila yakaushe kabisa kabla ya kuyafunga ndani ya kitambaa na kuyaweka kwenye friji. Stroberi na uyoga vioshwe dakika ya kuliwa tu. Kuosha kwenyewe ni kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono, bila sabuni, maana mazao mengine huinyonya. Maji huondoa udongo na sehemu ya dawa iliyo juu, lakini si ile iliyokwisha kuingia ndani ya mmea.

Si kila kitu kinapenda friji. Ndizi hupiga weusi chini ya nyuzijoto 13, nyanya hupoteza harufu na kuwa za ungaunga, viazi vitamu huwa vigumu katikati, matango hulowa. Nyanya zikae mezani mpaka ziive. Viazi mviringo viwe gizani penye hewa, mbali na vitunguu, kwani vikikaa pamoja vyote huharibika upesi. Ndizi, embe na tufaha zilizoiva zitenge na majani na matango, kwa sababu ya ile ethilini. Kotimiri na vitunguu vya majani visimamishe kwenye glasi ya maji. Majani yaliyonyauka njiani yaloweke kwenye maji baridi dakika 20. Mengi husimama tena.

Mzigo wa kilele ushughulikie siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa friza, chovya mboga kwenye maji yanayochemka, majani dakika 2, maharage mabichi dakika 3, kisha zihamishie kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, zichuje mpaka zikauke, uzigandishe kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Hatua ya maji moto huzima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu rangi na ladha hata ndani ya barafu. Mboga za kukausha ziwekwe kivulini penye upepo, kwani jua kali hupunguza vitamini A. Mboga zisizo na uchachu usizifungie kwenye chupa kwa kuzichemsha kwenye sufuria ya kawaida, maana mbegu za bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, huhimili nyuzijoto 100 na hukua vizuri pasipo hewa. Zinahitaji chombo cha mgandamizo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, vinginevyo tumia friza. Andika jina na tarehe kwenye kila mfuko kabla haujaganda, maana wino haushiki kwenye plastiki yenye umande, na utumie mboga hizo ndani ya miezi 8 hadi 12.